Kikohozi cha Baba Saidi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Chilangala tu wazima, mikorosho imetoa maua, na mama yako anakusalimu sana.

Umeuliza kama ile tamthilia ya runinga inasema kweli, kwamba wachekeshaji huogopa wakiwa nyuma ya pazia. Mimi nimeona.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa nchini, niliigiza na kikundi cha vichekesho cha Masasi. Alasiri moja tulicheza Newala, mji ambao mwenzetu Bakari hakuwahi kufika. Yeye aliigiza mzee mkali. Siku hiyo akakohoa kikohozi kigeni, cha kukatikakatika, kisha akaita, "Mama Saidi, chai!" Jina hilo halikuwemo mchezoni. Mama mmoja kati ya watazamaji akaitikia, "Abee, Baba Saidi, naleta."

Tuliambiwa baadaye kwamba mumewe, Baba Saidi, alikuwa amefariki, na yeye alikuwa ametoka eda juzi tu bila kulia hata mara moja.

Nyuma ya pazia Bakari alinivuta kando kwa hofu. "Dada, ile sauti si yangu. Sijui imetoka wapi."

Watu walipoondoka, yule mama alibaki kwenye benchi. Nikamshika Bakari mkono, tukamwendea.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Bakari wa Chiungutwa. Nisamehe."

"Marahaba. Najua si yeye, mwanangu. Kohoa tena."

Bakari akajaribu. Kikatoka kikohozi chake mwenyewe, cha kijana. Mama akasikiliza, akasubiri kidogo, kisha akajifunga khanga yake vizuri.

"Basi ameondoka," akasema, na kwa mara ya kwanza akalia.

Tulikaa naye mpaka akamaliza.

Ni mimi bibi yako,
Mama Hadija