Nyekundu Juu

Jumatatu, 3 Machi
Wifi tena! Mkuu wa karakana amempa yeye ashone bendera kubwa ya sherehe ya Ijumaa. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye cherehani, yeye miwili — tena kazi nilimtafutia mimi, mume wangu alipomwonea huruma dada yake aliyefiwa. Eti mishono yake imetulia. Yangu ina kichaa? Mwisho wa mwezi Mkuu anateua msimamizi. Najua upepo unakovuma.

Jumanne, 4 Machi
Wanafunzi wametembelea karakana. Wifi ndiye aliyewaeleza. Kijani juu, ardhi yetu. Nyeupe katikati, amani. Nyekundu chini, damu iliyomwagika. Iko chini kwa sababu tumeshaizika. Nyekundu ikipepea juu, maana yake nchi imevamiwa. Sauti laini, macho chini. Wakampigia makofi. Nilijichoma sindano.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimeona kitu.
Kijiti cha kufungia kamba hushonwa pembe ya kijani. Bendera ya sherehe hupanda ikiwa imekunjwa, hufunguka kileleni, kwa hiyo mpandishaji haangalii rangi. Anatafuta kijiti tu; pembe yenye kijiti ndiyo ya juu. Wifi amekishona pembe ya nyekundu! Mwanawe ana homa, naye mwenyewe hajalala siku mbili.
Akaniambia, "Wifi, hebu nitazamie, macho yangu yamechoka."
Nikaitazama. Nikakipapasa kijiti kwa vidole. Nikamwambia iko sawa.
Akanishukuru. Tukaikunja pamoja, mimi huku, yeye kule, tukihakikisha haigusi sakafu. Sheria ni sheria.

Alhamisi, 6 Machi
Imechukuliwa asubuhi. Ningeweza kupiga simu. Nimefua mapazia.

Ijumaa, 7 Machi
Tulisimama nyuma ya uzio, wafanyakazi wote. Wimbo ukaanza, kamba ikavutwa, bendera ikafunguka. Nyekundu juu! Wimbo ukipigwa hakuna ruhusa ya kugusa kamba, basi ikapepea hivyo beti zote, wakubwa wamekakamaa kwa heshima. Wifi alikodoa macho, kisha akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi.
Nilifurahi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilifurahi sana.
Askari wamemchukua kabla ya saa sita mchana.

Jumapili, 9 Machi
Bado wamemshikilia. Wanasema huenda alitumwa na maadui. Mwanawe amelala kitandani kwangu, kila saa anauliza mama anarudi lini. Nimemwambia anyamaze, ale.
Mume wangu ametoka kumwona. Wifi hajanitaja popote! Amewaambia alishona peke yake na hakuna mtu aliyeikagua. Nani alimwomba anifiche? Nimekasirika.
Mkuu anataka maelezo yangu kwa maandishi, leo hii. Je, lilikuwa kosa la uchovu, au mshonaji alijua anachofanya? Jibu langu ndilo litakaloamua kama Wifi anarudi nyumbani au anapelekwa mahakamani. Akasema pia, kana kwamba ni jambo dogo tu, kwamba kesho nihamie meza ya msimamizi.
Mume wangu amekaa mlangoni, ananisubiri aipeleke karatasi. Ameniletea salamu. "Dada anasema uandike ukweli tu. Wewe ndiye unayeijua kazi yake."
Nimeandika tarehe. Nimeandika jina lake kamili. Chini yake nimeandika: Alijua.
Mume wangu anauliza nimefika wapi. Nimemwambia bado sahihi tu.