Machicha ya Warumi

Riyadh, Jumanne

Ningenyamaza tu! Bosi alituonyesha kwenye hadubini maganda ya zabibu yaliyoungua tangu enzi za Warumi, yameshikamana na mbegu zake. Akauliza kama zililiwa au zilikamuliwa.

Nikaropoka, "Hayo ni machicha, bosi. Walikuwa wakitengeneza divai."

Bosi akaacha hadubini, akanigeukia mbele ya maabara nzima.

"Umejuaje?"

Mama alikuwa akipika busaa, pombe ya mahindi na wimbi. Machicha nimeyamwaga tangu utotoni. Lakini nitasemaje hivyo hapa ambako pombe ni haramu, kwa mtu ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini ambaye bila ruhusa yake sitoki nchini?

"Nilisoma kitabuni."

Akafurahi. Kesho anataka nimletee hicho kitabu.

Kitabu chenyewe ni mama, hajui kusoma, yuko Kakamega, na mwaka wa tatu huu sijaruhusiwa kwenda kumwona.