Mstari wa Baba Yako

Nyamisangura,
Tarime.
9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Judith,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, marahaba. Mama yako hajambo? Na kile kikohozi chako cha baridi kimeisha? Sisi wazima, ila goti linanisumbua nikipanda kwenda sokoni. Mahindi ya nyumbani kwetu Nyarero yamekubali mwaka huu.

Daftari la marehemu baba yako limefika, asante. Nililifungua jikoni, chai ikapoa.

Unajua tulivyofanya kazi. Baba yako, kaka Rubeni, alinirekodia kwenye simu shairi la Kijerumani, mstari mmoja mmoja na maana yake, nami nikalitia vina na mizani. Mwalimu mstaafu, nikajiona malenga! Lile la theluji aliniambia ni la Mjerumani mmoja wa zamani. Nililimaliza hivi:

Theluji ikifunika, na ndege wakikimbia,
Hata hapa ugenini, nalala nimetulia.

Kumbe daftarini lipo kwa mwandiko wake, limekatwakatwa na kuandikwa upya mara tano. Mjerumani wa zamani alikuwa yeye.

Na mstari wa mwisho, Judith, hakuniambia hivyo. Alisema, "Msiniache hapa, nirudisheni penye zizi la baba." Haukuingia kwenye vina vyangu, nikaubadilisha. Nilipomtumia, alijibu baada ya siku mbili, akasema tu, "Vina vimekaa vizuri, dada."

Alipofariki, kwenye kikao cha ukoo wengine walitaka arudishwe, wengine azikwe huko huko kwa Wajerumani mliko. Baba yako mkubwa Mniko akatoa simu, akasoma beti zangu nilizomtumia zamani. "Si mnasikia wenyewe? Huyu mtu alishatulia kule." Kikao kikaisha. Nilijua fika mstari si huo, lakini nikajiambia ni maneno ya Mjerumani tu. Tena nilifurahi kusikia shairi langu likisomwa mbele za watu. Naona aibu kukuandikia hilo.

Sasa sauti yake hainiachi. Kwenye rekodi, baada ya mstari ule, anasita kidogo, anavuta pumzi. Zamani nilidhani anatafuta neno. Siku hizi naisikia ile pumzi nikichambua mboga, naisikia hata kanisani. Alikuwa ananingoja niulize. Naogopa, mwanangu.

Mniko nimemwambia jana. Hakunigombeza. Alichukua jembe, akaenda Nyarero kupalilia kando ya zizi la baba, pale tunapozikana, peke yake.

Ninakuomba uende kaburini ukamsomee mstari wake mwenyewe, kwa Kijerumani, halafu kwa Kiswahili, hivyo hivyo bila vina. Mwambie dada yake amesikia. Kisha kaa na mama yako mzungumze kama atakubali tumrudishe.

Nisalimie mama yako na mdogo wako Elia. Jirani yangu Mwanamvua anakusalimu sana. Mungu aliyekulea hadi leo akufunike katika nchi hiyo ya baridi.

Nafasi kando ya zizi bado ipo.

Shangazi yako akupendaye,
Nyangi