Moins 3 ya Paluku

Masika mujukuu wangu wa Beni,

Nakusalimia toka Bulengera. Sisi tungali bazima. Mama yako mudogo Kavira alikimbia shamba, amefika kwetu na batoto, mikono mitupu.

Unaniuliza pente ya 3x + y = 12, ni kusema muinamo wa mustari wake, na juu ya nini mwalimu amekataa 3. Hata mimi niliandikaka 3 mu examen. Yaya yangu Paluku, muzaliwa wa kwanza, tulikuwa naye banc moja. Tulipotoka akaniambia: « Y ibakie kwanza peke yake. 3x ukiivusha upande ingine, inakuwa moins, alama ya kutoa. Pente ni moins 3, mustari unashuka. » Nikamukatalia, tukagombana mupaka nyumbani, kule Alimbongo.

Kesho yake alishusha chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, yenye viazi, ku mulima. Frein ilikatala kushika. Hakufika chini muzima.

Siku ya kurudisha makaratasi, mwalimu akaita jina ya Paluku, hakuna mutu aliyeitika. Nikaenda kuchukua karatasi yake mimi. Ningali nayo. Mustari wake unaanzia juu, kwa 12, unashuka mupaka karatasi inaisha.

Andika moins 3, Masika. Mimi sikupata wakati wa kumuambia kwamba alikuwa na haki.

Koko wako, Kasereka