Sura Nzima

Jumamosi, 21 Februari
Sala ya jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa kwangu leo, hapa mtaani Mfaranyaki. Mvua. Tope mpaka sebuleni. Nimesoma Mathayo, pale Yesu anaposema hakuja kuleta amani bali upanga. Halafu kila mtu akataja neno lililomgusa, kama desturi yetu. Dada yangu Sabina alitaja moja tu: upanga. Nikajua amemlenga nani. Mwanawe Deo ameoa Mwislamu, Zuhura, wa Tunduru.

Jumapili, 22 Februari
Baada ya misa Sabina amempigia Deo simu. Asikanyage tena kwake, yeye na mkewe. Nimekasirika. Nimemwambia hilo silo lililoandikwa. Akanijibu, "Mdogo wangu, si wewe unayetufundisha tusizungushe maneno? Imeandikwa upanga." Deo nimembeba mgongoni mimi.

Jumatano, 25 Februari
Nimeunguza maharage. Nilikuwa nasoma huku napika. Kanuni zangu za kusoma Maandiko ni rahisi: nani anasema, anamwambia nani, nini kimetangulia, nini kinafuata. Lakini kwenye jumuiya tunadonoa kama kuku. Wanaoambiwa pale ni mitume. Wanaonywa kwamba ndugu zao watawakataa. Hawakuambiwa wao wamkatae mtu. Maana iliyo wazi ndiyo hiyo. Sabina ameshika upanga usio wake.

Ijumaa, 27 Februari
Nimekwenda kwa Sabina, Majengo. Sikuhubiri. Nimemwomba asome mwenyewe, sura nzima, kwa sauti. Alisoma mbiombio, kwa hasira. Kufika mwisho, penye kikombe cha maji baridi ambacho mtoaji wake hakosi thawabu, akapunguza mwendo. Kusema haki, kikombe kile anapewa mfuasi, si mkwe. Kanuni hubana pande zote. Akafunga Biblia, akasema niende, anataka kufagia. Nyumba ilikuwa safi. Nimerudi na hofu.

Jumatatu, 2 Machi
Sabina amewaita Deo na mkewe. Sikuamini mpaka nilipowaona mlangoni kwake. Zuhura alipiga goti, "Shikamoo, mama." Sabina akaitikia, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Zuhura akainamisha kichwa, hakukipokea. Deo akaanza kueleza kwamba mwenzake amefunga. "Nami nimefunga," Sabina alisema. "Ni Kwaresima." Akakifunika kikombe kwa kisahani, akakiweka mezani mbele ya Zuhura. Akamuuliza magharibi inaingia saa ngapi. Tukakaa wote, tukasubiri.