Goti Nililowaficha Watafiti

Mjukuu wangu Mutua,

Huku Ikutha tuko wazima, nyanya yako anakusalimu na mbuzi wako amezaa mapacha. Unauliza kama uwaamini hao watafiti wa magoti kabla ya upasuaji wa goti lako. Mimi pia niliwashuku. Nikiwa kijana, fahali aliniangusha sokoni, goti likateguka, watafiti wa siku hizo wakanijia na karatasi zao. Nikajua hawa wanatafuta mguu wa kukata.

"Kijana, ni lipi linauma?"

Nikakaza meno, nikawaonyesha lile zima. Mjanja kama mimi hakukuwa na mwingine Kitui nzima. Wakalinyoosha miezi miwili, wakanisifu nimepona haraka. Mpaka leo nachechemea.

Washuku, waulize maswali mpaka wachoke. Lakini ukikubali, waonyeshe linalouma.

Babu yako mjanja