Mzee Aliyesoma Uso wa Shaba

Mjukuu wangu Bernadette,

Hapa Likasi tuko wazima. Bibi yako amepona mguu, sasa amerudi jikoni na ananinyima chumvi. Unauliza kama umtetee yule mzee wa ofisini kwenu, anayesemwa kuwa ni mzito na si mtu wa huko.

Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, nilikuwa nikiyeyusha shaba hapa na Baba Kabeya, mzee aliyetoka mkoa wa Kasai. Hakuweza tena kubeba magogo mabichi ya kukorogea shaba. Sisi vijana tulimbebea, naye alitazama uso wa shaba na kutuambia saa ya kumwaga.

Asubuhi moja msimamizi wetu, kapita, akamtoa nje ya geti.

"Huyu muzee haiko muntu wa huku, na nguvu hana."

Tukaweka magogo chini.

"Kama yeye haiko, siye hatumwangi shaba," nikamwambia.

Shaba ikaanza kuharibika tanuruni. Kapita akaenda mwenyewe getini kumwita.

Mwezi uliofuata wakubwa walimpandisha treni ya kumrudisha Kasai, na mimi wakanifukuza. Unaogopa watakufukuza na wewe. Labda. Mbebee magogo yake, mama, wala usiombe msamaha. Mimi sijaomba hadi leo.

Babu yako